Maneno Makubwa ya Kiingereza



Wengi wetu tukifungua kitabu cha Kiingereza tunaogopa maneno marefu. Lakini kwa sisi tunaosoma Kifaransa toka shule ya msingi, mara mingi neno fupi njo linasumbua. "Commence" kila mtu analifahamu mara moja. "Begin" lazima tujifunze.

Juu ya nini? Katika mwaka wa 1066, Guillaume, mtawala wa Normandie, alivuka bahari na kushinda Uingereza. Wakubwa wapya walisema Kifaransa miaka mingi, kwa mfalme na ndani ya mahakama. Watu wa mashamba waliendelea na Kiingereza chao. Hata leo ng'ombe akiwa malishoni anaitwa "cow", jina la wachungaji. Akifika katika sahani anaitwa "beef", ni kusema "bœuf" ya wale waliomkula! Kondoo vilevile: "sheep" inje, "mutton" mezani.

Basi tuko na ufunguo, lakini haufungui kila mlango. Mwanafunzi anayemwambia mwalimu "I demand a book" anafikiri anaomba kwa upole, sawa vile "je demande". Kumbe kwa Kiingereza "demand" ni kudai kwa nguvu, na mwalimu atakasirika. "Actually" si "actuellement". Maana yake ni "kwa kweli". Na mtu "sensible" kwa Waingereza si yule anayeumia moyo upesi, ni mtu wa busara.

Neno "prevent" ndilo linalotupasa kuangalia sana. Kwa Kifaransa "prévenir" ni kuonya watu mbele. Kwa Kiingereza cha leo "prevent" ni kuzuia. Lakini katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, kwa 1 Watesalonika 4:15, ni kutangulia: Paulo anafundisha kwamba walio hai hawatawatangulia waliolala. Anayetafsiri pale "kuzuia" anawapa wenye kufiwa neno ambalo mtume hakulisema.

Kwa hiyo tusiandike katika kaye neno peke yake na maana yake moja. Tuandike sentensi nzima ambamo tumelikuta. Orodha ya maneno mia inapendeza macho, lakini siku ya mtihani haisaidii sana.

Kwa juma linalokuja: "library", "assist", "lecture", "journey". Yote yana ndugu katika Kifaransa. Tafuteni katika diksionere ni wapi waliachana, na kila mmoja alete sentensi moja kwa kila neno.