Nyaya zisizojulikana chini ya dashibodi

Swali: Nimeachiwa na baba Land Rover Series III. Chini ya dashibodi zinaning'inia nyaya ambazo hazijaungwa popote. Nizikate?

Jibu: Hapana, usikate hata mmoja kwa sasa. Fungua terminali hasi ya betri, kisha zifute kwa kitambaa mpaka rangi zionekane, maana magari ya Kiingereza ya enzi hizo yana rangi zenye mpangilio. Wa kahawia una moto saa zote na haupiti kwenye fyuzi. Huo ndio wa kuogopa. Mweupe hupata moto ukiwasha swichi, wa kijani vilevile ila hupitia fyuzi, mweusi ni wa bodi. Buluu wenye mstari mweupe ni wa taa kubwa za juu. Mstari mwekundu, za chini. Usiofuata mpangilio huu mara nyingi uliongezwa na fundi, labda kwa redio iliyokwisha kung'olewa.

Sasa pima kwa multimita, kwenye kipimo cha mlio, betri ikiwa bado imefunguliwa. Hapa wengi hupotea: balbu baridi ina ukinzani mdogo sana, hivyo waya wa taa unaweza kulia kana kwamba umefika kwenye bodi. Toa balbu na fyuzi kwanza, ndipo uamini mlio.

Kila uliotambua uandikie kikaratasi. Uliobaki fuata njia yake kwa mkono hadi mwisho, na ncha iliyo wazi izungushie tepu kabla ya kurudisha betri.