Baiskeli Kuukuu ya Gia: Itengenezwe au Iachwe?

Katika nyumba nyingi za wakulima, tangu Bamburi na Utange mpaka Mtwapa, utaikuta baiskeli ya gia iliyoegemezwa ukutani au kutundikwa bandani. Tairi zimekauka, cheni imekuwa nyekundu kwa kutu, na kuku wamekifanya kiti kuwa kituo chao. Ilinunuliwa kwa bei rahisi, au ilikuja na mitumba kupitia bandari ya Mombasa, ikatumika miaka michache, kisha ikaachwa siku ile gia zilipokataa. Sasa mwenyewe anataka kupeleka mchicha na mabamia sokoni Kongowea, naye ajiuliza: niitengeneze hii, au nitafute nyingine? Somo la mwezi huu lataka kumsaidia kujibu kabla hajatoa shilingi moja mfukoni.

Kwanza yafaa kujua baiskeli za namna hii zilitoka wapi. Katika miaka ya 1970, vijana wa California, Marekani, walichukua baiskeli nzito za miaka ya 1930 na 1940, wakazitengeneza na kuteremka nazo milimani kwa mchezo. Mashindano yao yaliyo maarufu yalianza mwaka 1976 katika njia iliyoitwa Repack. Jina hilo lilitokana na breki ya nyuma, iliyokuwa ndani ya kitovu cha gurudumu: ilipata moto hata grisi ikateketea, na kila aliyefika chini ilimpasa kujaza grisi upya. Basi baiskeli ya mlima yenyewe ilizaliwa kwa kufufua vyuma kuukuu. Lakini vijana wale hawakubeba magunia. Na zile za bei rahisi zilizofuata baadaye ziliiga sura tu, yaani springi na gia nyingi, wala haziku­iga uimara.

Anza na fremu, kwa maana vingine vyote hubadilishwa lakini fremu ndiyo baiskeli. Ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Visima vingine vilivyo karibu na ufuo hutoa maji ya chumvichumvi, hayo usiyatumie. Ikikauka, itazame palipounganishwa: chini ya shingo ya usukani, kuzunguka ekseli ya pedali, na nyuma panapokaa gurudumu. Kutu ya juu juu inayotoka kwa msasa haina neno. Ukiona mstari mwembamba wa kutu umejitokeza chini ya rangi, huo huenda ni ufa. Kwangua rangi uhakikishe. Mahali penye kutu nyingi, bonyeza kwa ncha ya msumari. Ikizama, fremu hiyo imeliwa kwa ndani na haifai kupakiwa mzigo.

Chukua pia sumaku. Ikinasa, fremu ni ya chuma, na fundi wa kuchomelea aweza kuziba ufa mdogo. Isiponasa, ni ya alumini, na kuichomelea kwataka mashine na ujuzi usiopatikana kwa kila fundi. Fremu ya alumini yenye ufa iache.

Baiskeli yenye springi katikati ya fremu, ile ambayo nyuma yake hupanda na kushuka, iache vilevile, hata kama rangi yake yapendeza. Keria haikai juu yake sawasawa, maungio yake hulegea, na nguvu za miguu huishia katika kuchezesha springi. Springi za mbele si mbaya hivyo. Zikiwa zimeganda kwa kutu, fundi aweza kutia uma wa kawaida wa chuma, nao ni mwepesi zaidi.

Jaribu kutoa bomba la kiti. Hapa pwani, bomba la alumini huganda ndani ya fremu ya chuma kwa sababu ya chumvi ya hewani. Tia mafuta ya taa, uache usiku mbili, kisha uligongegonge. Lakini ikiwa kiti kimegandia kwenye kimo kinachokufaa wewe, kwa nini uhangaike nacho?

Sasa magurudumu, ambayo ndiyo hubeba mzigo. Baiskeli za kale za Kiingereza zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, na ndiyo sababu zilistahimili magunia. Baiskeli ya gia aghalabu ina 36 au 32. Hesabu zako, za nyuma zikiwa 36, nazo zimekazwa zote, yatosha kwa mboga za kiasi. Ringi ikiwa ya alumini, weka rula ubavuni mwake panaposuguliwa na breki. Ukiona ubavu umebonyea kama kijiko, ringi imekwisha na huenda ikapasuka njiani.

Ukinunua tairi, jihadhari na maandishi. Tairi iliyoandikwa 26 x 1.95 na iliyoandikwa 26 x 1 3/8 zote huitwa za inchi 26, lakini haziingiliani: ringi ya kwanza ina kipenyo cha milimita 559 na ya pili 590. Wengi wamerudi dukani kwa jambo hili. Mwambie fundi pia akague gololi. Kwa kawaida gurudumu la nyuma lina 9 za robo inchi kila upande, na la mbele lina 10 ndogo zaidi kila upande.

Cheni hupimwa kwa rula. Pima tangu pini moja hadi pini ya 24 baada yake. Cheni mpya ni inchi 12 kamili. Ikifika inchi 12 na 1/8, imevutika, na huenda meno ya gia yamekwisha pia, hata cheni mpya itaruka juu yake.

Kuhusu gia zenyewe, mkulima wa Bamburi hana haja ya gia 18. Nchi ni tambarare. Anayeishi Shimba Hills ana milima, naye azitunze. Wa huku aweza kuondoa waya na vishikio vya gia, akakiacha kile chombo cha nyuma kinachokaza cheni, na fundi akakifunga kwa skurubu zake kikae kwenye gia moja ya katikati. Sehemu zinazoharibika zitapungua sana.

Breki usizifanyie ubahili. Barabara ya Malindi ina malori na matatu, na baiskeli iliyopakiwa husimama kwa shida. Tia vipira vipya na waya mpya mbele na nyuma. Ringi ya chuma inayong'aa haishikiki vizuri ikilowa, kwa hiyo wakati wa masika nenda polepole.

Mwisho uandike bei za vipuri vyote na ujira wa fundi katika karatasi moja, kisha ugawe kwa nauli unayolipia mzigo. Mathalani, gharama ikiwa shilingi 4,000, na kila safari ikikuokolea shilingi 100, safari 40 zitarudisha fedha zako. Anayekwenda sokoni mara tatu kwa juma atazipata kwa miezi mitatu na kidogo. Anayekwenda mara moja kwa mwezi atangoja zaidi ya miaka mitatu, na katika muda huo kutu itakuwa imerudi. Na jumla ikipita nusu ya bei ya baiskeli ngumu ya mzigo iliyo nzima, maoni yetu ni kwamba ununue hiyo.

Ukiamua kuiacha, usiiuze kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu kabla hujatoa vilivyo vizima: ringi, mikono ya breki, kiti na pedali. Pedali ya kulia hufunguka kama nati yoyote. Ya kushoto ina hesi za kinyume. Izungushe kama mshale wa saa unavyokwenda, usije ukaivunja kwa kuikaza zaidi.