SOMO: KUUFUFUA MTI WA NDANI UNAOPUKUTISHA MAJANI

Ndugu wafanyakazi, leo tunaeleza jinsi tulivyouokoa mti wa ofisi ya chama chetu hapa Rusizi I, karibu na daraja la kwendea Bukavu. Mti huo ni fikasi, asili yake Asia, ndugu wa umuvumu wa nyua zetu. Tulikabidhiwa na mwenzetu mfagiaji siku aliyostaafu.

Machi 2020, mpaka ulipofungwa kwa ajili ya Korona, ofisi nayo ilifungwa. Tuliporudi, majani yalikuwa yametapakaa sakafuni. Basi kila aliyeingia akaumwagia kikombe cha maji. Watu saba, vikombe saba kwa siku! Mti ukazidi kunyauka, nasi tukazidi kumwaga.

Mwishowe tulikwangua gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani, maana yake mti ungali hai. Tawi lililo kahawia na kavu ndani hukatwa mpaka penye ubichi. Jihadharini na utomvu wake mweupe, huwasha ngozi.

Tukaung'oa pamoja na udongo wake. Mizizi mizima huwa imara. Iliyooza ni laini, nyeusi, na hunuka. Ndugu, mizizi nayo huhitaji hewa. Udongo ukijaa maji, hewa hukosekana, mizizi hufa, na majani hunyauka kwa kiu ilhali udongo umelowa. Hapo ndipo tulipodanganyika. Tena chombo chenyewe kilikuwa ndoo ya plastiki isiyo na tundu! Tuliitoboa kwa msumari wa moto, tukakata mizizi mibovu kwa kisu safi, tukatia udongo mpya wenye mboji na mchanga wa mto. Ndoo kubwa zaidi isingefaa, kwani udongo mwingi huchelewa kukauka. Mbolea tuliiacha kwanza. Mgonjwa halishwi pilau.

Tuliuweka karibu na dirisha, tukakataza kuuhamisha, maana fikasi ikihamishwa-hamishwa hupukutisha. Vumbi la malori tunalifuta kwa kitambaa kibichi.

Kuhusu maji, ingiza kidole udongoni. Pakiwa pakavu, mwagia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki sahanini. Kiangazi cha Juni hadi Agosti udongo hukauka upesi kuliko wakati wa mvua, kwa hiyo usifuate kalenda.

Mkutano ulimchagua mtu mmoja tu wa kumwagilia. Wengine walicheka, lakini jina lake limebandikwa ukutani.

Wiki ya sita yalitokea machipukizi mawili. Tulimpelekea habari mstaafu wetu. Akauliza: "Na ile ndoo, mmeitoboa?"