Jina la Kianda na Majirani Zake

Mgeni anayefika Kibera, Nairobi, hushangaa kuwasikia wakazi wakisema wanaishi kijijini. Hakuna zizi wala konde. Kuna mabati na njia ya reli. Hata hivyo Kibera imegawanyika katika vijiji, na kimojawapo, upande wa magharibi karibu na Olympic na Ayany, huitwa Kianda.

Jina hili huweza kumhadaa mwanafunzi wa mofolojia. Akiona ki-, hulitia katika ngeli ya KI-VI, kisha huanza kuusaka mzizi katika Kiswahili, na hataupata. Kianda ni neno la Kigikuyu lenye maana ya bonde. Kiambishi kinafanana kwa kuwa lugha zote mbili ni za Kibantu, lakini Mswahili angesema Bondeni, kama inavyosemwa Mashimoni, kijiji kingine cha Kibera ambacho -ni yake ya mahali haimpotezi mtu.

Jina la Kibera lenyewe ndilo lenye mgogoro. Askari Wanubi wenye asili ya Sudan, waliotumikia King's African Rifles (Keya, kama ilivyozoeleka), walianza kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza eneo hilo, zaidi ya ekari 4,000, kuwa hifadhi ya jeshi. Wanubi waliliita Kibra, yaani msitu. Wasemaji wa lugha za Kibantu wakachopeka irabu ili kuuvunja mfuatano wa konsonanti br, pakawa Kibera. Fonolojia inaishia hapo. Siasa haiishii hapo. Kwa Mnubi, kutamka Kibra ni kukumbusha nani aliukuta msitu. Jimbo la uchaguzi lililoundwa kwa uchaguzi wa 2013 lilipewa jina la Kibra, na mwaka 2017 Wanubi wakakabidhiwa hatimiliki ya ekari 288.

Soweto na Kisumu Ndogo ni majina yaliyohamishwa kutoka kwingine. Kianda halikuhamishwa, linaeleza umbo la ardhi tu, katika lugha ambayo si ya majirani wengi Waluo na Waluhya. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilipoikumba Kibera, watu walifukuzana kwa misingi ya kabila, nyumba zikachomwa. Jina halikuguswa. Waliobaki Kianda waliendelea kuliita bonde lao kwa Kigikuyu.