Mchungaji Aliyebeba Sururu



Katika somo hili tutasoma habari za mtu aliyekaa katika vijiji vya milimani kwa miaka 59. Jina lake ni Johann Friedrich Oberlin. Alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kilutheri. Hakuwa tajiri, wala hakuwa mkubwa serikalini. Lakini alipokufa, vijiji vile havikuwa tena kama alivyovikuta. Tusome polepole, tuone alifanyaje.

NCHI YENYEWE

Oberlin alizaliwa tarehe 31 Agosti 1740 katika mji wa Strasbourg. Mji huo uko mashariki ya Ufaransa. Mwaka 1767 alipelekwa kuwa mchungaji wa Waldersbach, kijiji kilichoko katika milima ya Vosges. Sehemu ile huitwa Ban de la Roche. Usharika wake ulikuwa na vijiji vingine pia, kama vile Fouday, Bellefosse, Belmont na Solbach.

Maisha ya huko yalikuwa magumu. Baridi ni kali na udongo ni wa mawe. Barabara nzuri haikuwepo. Mto Bruche ukijaa maji, watu walifungiwa kwao. Mkulima akipata mavuno, atayauza wapi? Akivunjikiwa jembe, atanunua wapi jingine?

Elimu nayo ilikuwa duni. Kabla ya Oberlin alikuwapo mchungaji aliyeitwa Stuber. Inasimuliwa kwamba Stuber alipofika aliuliza, mwalimu yuko wapi? Akaonyeshwa mzee mmoja mnyonge, amelala kitandani. Kumbe mzee huyo alikuwa mchunga nguruwe! Aliposhindwa kuwafuata nguruwe, wanakijiji wakampa kazi ya kuwatunza watoto. Kusoma hakujui, kuandika hakujui. Basi Stuber akaanza kutafuta walimu wa kweli na vitabu vya kuazimisha watu. Oberlin alipokuja, aliiendeleza kazi hiyo.

WATU WALIMKATAA

Tusidhani kwamba wanakijiji walimpokea kwa vigelegele. Wengi walisema: Baba zetu waliishi hivi, na sisi tutaishi hivi hivi. Wengine walikasirika hasa. Inasimuliwa kwamba watu kadhaa walikula njama ya kumvizia na kumpiga. Oberlin akapata habari. Hakukimbia, wala hakuita askari. Aliwaendea wenyewe nyumbani walikokutana. Akawaambia kwamba amekuja ili wasipate taabu ya kumvizia njiani. Watu wale waliona haya, wakapatana naye.

Hata shule mpya waliiogopa. Waliona kwamba jengo litawaletea gharama. Oberlin aliomba fedha kwa rafiki zake wa Strasbourg, ndipo ujenzi ukaanza.

BARABARA NA DARAJA

Oberlin aliwaita watu akawaambia: Tuchimbe barabara, tujenge na daraja juu ya mto, ili tufike Strasbourg. Watu wakashangaa. Walisema kazi hiyo haiwezekani. Miamba ni mikubwa, na kila mtu ana shughuli zake.

Oberlin hakubishana nao sana. Alichukua sururu, akaiweka begani, akaenda kuchimba. Watu walipomwona mchungaji wao akitoka jasho, mmoja alikwenda, na wa pili akafuata. Mwishowe wakawa wengi hata vifaa vikapungua. Vifaa vingine vikaletwa kutoka Strasbourg. Walipasua miamba, wakajenga kuta za mawe kuzuia udongo usiporomoke, wakajenga na daraja. Tangu hapo mkulima aliweza kupeleka mazao sokoni.

SHAMBA LA MFANO

Mbegu za viazi mviringo za pale zilikuwa zimechoka, hazizai vizuri. Oberlin alileta mbegu mpya. Alileta pia majani ya klova ya kulisha mifugo. Lakini wakulima hawakutaka kumsikiliza. Walisema, mtu wa mjini atajua nini habari za kilimo?

Basi alilima bustani yake mwenyewe karibu na njia wanayopita watu. Alipanda na miti ya matunda. Kila mpita njia aliona. Baada ya muda, wale waliokuwa wakicheka walikuja kuuliza: Mchungaji, umefanyaje? Hapo akawafundisha. Tena vijana wa usharika walitakiwa kupanda miti kabla ya kupata kipaimara.

MAFUNDI NA MIKOPO

Kijiji hakikuwa na mafundi wa kutosha. Oberlin aliwachagua vijana akawapeleka Strasbourg kujifunza useremala, uashi, uhunzi na kazi nyingine. Walipofuzu walirudi, wakawafundisha wenzao.

Alianzisha pia mfuko wa mikopo. Mtu mwenye shida aliweza kukopa, kwa mfano fedha za kununua vifaa. Lakini ilimpasa kurudisha kwa wakati. Asiyerudisha alinyimwa mkopo kwa muda. Bila sharti hilo fedha zingekwisha, na jirani mwingine angekosa.

KAZI YA AKINA MAMA

Wazazi walipokwenda shambani, watoto wadogo walibaki wakizurura. Katika vijiji vile alikuwapo msichana jina lake Sara Banzet. Yeye aliwakusanya watoto, akawafundisha kufuma kwa sindano. Oberlin na mkewe, Salomé, waliona kwamba hilo ni jambo jema. Wakawatafuta wanawake wengine wa kulifanya katika vijiji vyote. Watoto walifuma, walisikiliza hadithi, na walijifunza majina ya mimea. Shule hizo zilikuwa miongoni mwa shule za kwanza za watoto wadogo katika Ulaya.

Mwaka 1783 Salomé alifariki, akaacha watoto saba. Msichana wa kazi wa nyumba ile, Louise Scheppler, alibaki akawalea. Tena aliendelea kuzisimamia shule za watoto. Alikataa mshahara, akaomba ahesabiwe kuwa binti wa nyumba. Mwaka 1829 Akademia ya Ufaransa ilimpa tuzo kwa utumishi wake. Basi tukimtaja Oberlin peke yake, tunakosea hesabu.

MWISHO WAKE

Mwaka 1819 serikali ya Ufaransa ilimpa Oberlin nishani. Watu wake walikwisha kumpa jina lao: Baba Oberlin. Alifariki tarehe 1 Juni 1826, akiwa na umri wa miaka 85. Alizikwa Fouday. Mwaka 1833 chuo kilianzishwa katika jimbo la Ohio, Marekani, kikapewa jina la Oberlin.

TUNAJIFUNZA NINI?

Oberlin alisema maneno mengi kanisani. Lakini maneno hayakuchimba barabara. Alianza kufanya mwenyewe, mahali ambapo watu wanaona, halafu akawaachia wenyewe kazi. Seremala alikuwa mtoto wa kijiji. Mwalimu wa watoto alikuwa binti wa kijiji. Ndiyo maana mzee alipozikwa, kazi haikuzikwa pamoja naye.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini watu walimkataa Oberlin mwanzoni?
2. Oberlin alifanya nini wakulima walipokataa kumsikiliza?
3. Mfuko wa mikopo ulikuwa na sharti gani? Je, lilikuwa sharti la haki?
4. Katika kijiji chenu kuna kazi gani inayosemwa kila mkutano lakini haianzi? Nani atabeba sururu ya kwanza?

Andikeni majibu katika daftari, kisha msomeane.