Mgonjwa Anapotishia Kumdhuru Mwingine

Mgonjwa wa kliniki ya nje akitamka kuwa atamdhuru mtu, kauli hiyo haipuuzwi wala haijibiwi kwa ukali. Mhudumu humsikiliza kwa utulivu, kisha huuliza: anamlenga nani, atatumia nini, na je, ameacha dawa? Kitisho kisicho na mpango huweza kutulizwa kwa ushauri na miadi ya karibu. Akitaja jina la mtu na silaha aliyonayo, harudishwi nyumbani. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu alazwe hata bila ridhaa yake. Anayetishiwa hujulishwa, kwani siri ya mgonjwa haizidi uhai wa mtu. Familia ziondoe mapanga na sumu nyumbani, wala zisimfunge kamba mgonjwa. Ikumbukwe kuwa wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru yeyote.