Kuku wa Mbegu: Kumlisha Kifaranga Kabla Hajaanguliwa

Ndugu wasomaji, katika vihamba vyetu vya Old Moshi hakuna mali iliyo karibu na mkono wa mama na wa mtoto kama kuku. Ng'ombe ana mwenyewe, kahawa ina mwenyewe, lakini kuku wachache walio nyuma ya nyumba ndio watoao daftari la shule, chumvi ya jikoni, na sadaka ile inayonadiwa nje ya kanisa siku ya Jumapili. Basi mama amlazapo kuku juu ya mayai 12, akapata vifaranga 4 tu, hasara yake si ndogo. Naye huuliza, Kosa li wapi? Wengine humjibu kwamba ni ngurumo za masika. Wengine kwamba kuku yule hana bahati. Sisi katika somo hili twataka kuonyesha kwamba mara nyingi kosa li katika chakula, tena lilitendeka kabla yai halijatagwa.

1. Yai ni mkoba wa safari

Ndama akiwa tumboni hulishwa na mamaye kila siku. Leo mama akikosa, kesho aweza kupata, na ndama akapata pamoja naye. Kifaranga sivyo. Safari yake ni ya siku 21, na siku ile yai linapotagwa mkoba wake umekwisha kufungwa. Yote atakayokula njiani yamo ndani ya ganda: cha kujenga nyama, cha kujenga mifupa, na vile vitu vidogo mno viitwavyo vitamini, ambavyo pasipo hivyo mwili hauwezi kuutumia ule mwingine. Kuku anayeatamia hutoa joto tu. Hawezi kuongeza hata chembe moja ya chakula.

Kwa sababu hiyo yai laweza kuwa zuri kwa macho, likawa zuri hata kwa kuliwa, na bado likapungukiwa kwa kazi ya mbegu. Kuku aliyekosa vitamini haachi kutaga mara moja. Huendelea kutaga, lakini hufunga mkoba usiojaa. Kifaranga huondoka vema, hufika nusu ya safari, na chakula humwishia njiani.

2. Kwa nini yatupasa kuangalia sasa

Zamani kuku alitembea kutwa. Alipekua chini ya migomba, akapata mchwa, funza na panzi, akadonoa majani mabichi, akaota jua. Hakuna aliyempimia chakula, kwa maana alijipimia mwenyewe, naye alipima vizuri. Sasa vihamba vimegawanywa mara nyingi, jirani yu karibu, na mboga zake hazina ua. Kwa ajili ya amani twawafungia kuku bandani. Jambo hilo ni jema, wala hatulikatazi. Walakini na tukumbuke hivi: amfungiaye kuku amechukua juu yake kazi aliyokuwa akiifanya kuku mwenyewe. Kama ampa maganda ya ndizi na mahindi tu, amemjaza tumbo, hakumlisha. Ndizi na mahindi hutia nguvu na joto. Vya kujenga mwili vilivyomo ni haba.

3. Kuku wa Java

Jambo hili la tumbo lililojaa na mwili unaokosa, wataalamu walifundishwa na kuku wenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mholanzi, jina lake Christiaan Eijkman, alikuwa akifanya kazi katika kisiwa cha Java, mji wa Batavia, ambao sasa huitwa Jakarta. Alifuga kuku wa kuchunguzia ugonjwa wa watu uitwao beriberi. Ghafula kuku wakalegea miguu, wakaanguka. Baadaye wakapona, wala hakujua sababu. Alipouliza akaambiwa kwamba kwa muda walikuwa wakila mabaki ya wali mweupe kutoka jikoni mwa hospitali ya askari. Kisha akaja mpishi mpya, akakataa wali wa askari kupewa kuku wa raia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, wakapona.

Basi uzima ulikuwa katika lile ganda jembamba tunaloliita pumba, nao watu walikuwa wakilitupa. Kwa uchunguzi huo Eijkman alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1929. Nasi twajifunza mambo mawili: kwamba chakula kingi si lazima kiwe chakula kamili, na kwamba kile tunachokitupa pengine ndicho kinachotakiwa.

4. Kuyasoma mayai viza

Mtu asimlaumu kuku, wala jogoo, wala ngurumo, kabla hajayasoma mayai yasiyoanguliwa. Ayachukue nje, mbali na nyumba, ayavunje moja moja juu ya jani la mgomba, na kuangalia. Akimaliza ayafukie na kunawa mikono kwa sabuni.

La kwanza, akiona ute na kiini tu, bila damu wala mwili, mara nyingi yai hilo halikupata mbegu ya jogoo, au lilikaa mno kabla ya kuwekwa. Jogoo mmoja yamtosha kuku 8 hata 10. Na mayai ya mbegu yasizidi siku 7 mahali pa baridi, nayo yalazwe ncha yake nyembamba ikielekea chini. Kwa hiyo mayai yaliyonunuliwa katika mnada, ambayo hatujui yametagwa lini, ni mema kwa kuliwa kuliko kwa kuatamiwa.

La pili, akiona kifaranga kidogo kilichokufa katikati ya safari, yaani kama siku ya 8 hata ya 14, hapo na ashuku chakula cha mama, hasa upungufu wa vitamini iitwayo B2. Pengine manyoya yake machanga huwa yamejikunja kama vifundo. Na wale walioanguliwa, baadhi yao huwa na vidole vilivyokunjwa kwa ndani, wakatembea kwa shida.

La tatu, akiona kifaranga kamili kilichofia ndani ya ganda, sababu ni nyingi: kuku aliacha kiota, au baridi iliingia, au ganda lilikuwa dhaifu, na upungufu wa chakula nao waweza kuwamo.

Tulifanya hivi katika nyumba moja karibu na Kidia. Mayai yasiyoanguliwa yalikuwa 8. Mawili yalikuwa maji matupu, moja lilikuwa na kifaranga kamili, na 5 yalikuwa na vifaranga waliokufa katikati. Mama mwenye nyumba alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Kumbe hawa walikuwa hai.” Kuku wake walikuwa wamefungiwa miezi mingi, wakila mahindi na maganda ya ndizi. Akaanza kuwapa majani, dagaa, na maziwa ya mgando yaliyobaki. Wiki kadhaa zilipopita alimlaza kuku yule yule, na jogoo alikuwa yule yule. Katika mayai 12 wakatoka vifaranga 9. Kuku mmoja si ushahidi wa kuku wote, lakini mama yule hamlaumu tena kuku wake.

5. Chakula kifaacho

Asiyeweza kuwalisha wote vizuri, na achague. Atenge kuku 5 au 10 walio wazima, watagao vizuri na wanaolea vizuri, pamoja na jogoo mmoja asiye ndugu yao. Hao ndio kuku wa mbegu; mayai ya wengine yaliwe au yauzwe. Kwa hao wateule achanganye kilo 10 kama hivi:

Mahindi yaliyoparazwa, kilo 4 na nusu.
Pumba za mahindi, kilo 1 na gramu 900.
Mashudu ya alizeti, kilo 2.
Dagaa wakavu waliosagwa, kilo 1.
Chokaa ya mifugo, gramu 400.
Mifupa iliyochomwa na kusagwa, gramu 170.
Chumvi, gramu 30.

Mahindi hutia nguvu. Pumba huleta baadhi ya vitamini. Mashudu na dagaa ndivyo vya kujenga mwili, ndiyo protini. Chokaa na mifupa ni kwa ganda na mifupa ya kifaranga. Katika mchanganyiko huu protini hukaribia sehemu 16 au 17 katika 100, kiasi kiwafaacho kuku watagao. Dagaa wapepetwe mchanga kwanza, na wakiwa wa chumvi, chumvi nyingine isitiwe.

Kuku anayetembea nje apewe kama gramu 50 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni. Kuku 10 na jogoo wao watakula hivyo gramu 550, na kilo 10 zitatosha siku 18. Aliyefungiwa kabisa huhitaji gramu 100 au zaidi kidogo. Maji safi yasikosekane, kwa maana kuku hunywa kama mara mbili ya uzito wa chakula chake.

Juu ya hayo, kila siku wafungiwe fungu la majani mabichi, litundikwe kimo cha kichwa: mchicha, kabichi, au majani ya viazi vitamu. Majani na maziwa ya mgando huleta ile B2 tuliyoitaja. Aliyefungia kuku wake kabisa anunue pia vitamini za kuku wazazi katika duka la dawa za mifugo, azipime kama ilivyoandikwa. Maganda ya mayai yakaushwe motoni, yapondwe yawe unga, yawekwe katika chombo cha peke yake. Yasipopondwa, kuku hujifunza kula mayai. Na katika Juni na Julai, wingu litandapo mlimani, jua likitokea kuku watolewe, kwa kuwa jua huwapa vitamini D, na bila hiyo chokaa haifanyi kazi.

Chakula hiki kianze wiki 3 kabla ya kukusanya mayai ya mbegu. Aanzaye siku ya kumlaza kuku amechelewa. Mkoba umekwisha fungwa.

6. Yasiyofaa

Wahenga husema, Akiba haiozi. Lakini mahindi yaliyopandishwa darini kabla hayajakauka huoza, na wengi husema, “Hayo wape kuku.” Hilo ni kosa kubwa. Ukungu hutoa sumu kali, ndiyo sumukuvu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Na hapa Tanzania, mwaka 2016, watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa nafaka yenye sumukuvu, na wengine wakafa. Kuipika hakuiondoi. Mahindi yenye ukungu yasiliwe na mtu wala mnyama.

Tena, maharage mabichi yana sumu. Yapikwe sana kwanza. Soya ikaangwe. Maganda, kokwa na majani ya parachichi, ambayo ni mengi kwetu, ni sumu kwa ndege. Yatupwe mbali na banda. Mashudu ya pamba yasipewe kuku wa mbegu.

Wala mtu asidhani kwamba chakula hukinga mdondo. Kuku aliyenona hufa na mdondo kama aliyekonda. Chanjo ya tone moja jichoni, kila miezi 3, ndiyo kinga yake.

7. Neno la mwisho

Ndugu, twajua dagaa na mashudu hununuliwa kwa fedha, na fedha haipatikani kwa urahisi. Lakini na tuhesabu vizuri. Yai viza nalo ni fedha: ni yai ambalo mtoto angelila, likakaa siku 21 bure, na kuku akakonda juu yake. Tena tujiulize kama watoto wetu hawamo katika hali ile ile, tumbo limejaa ndizi na mwili wakosa. Yai moja kwa mtoto si anasa.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano:
1. Kuku anayeatamia humpa kifaranga nini, na hawezi kumpa nini?
2. Kuku wetu waliofungiwa walikuwa wakijitafutia vitu gani nje, na sisi twawapa nini badala yake?
3. Mara ya mwisho tulipopata mayai viza, ni nani aliyeyavunja na kuyasoma?
4. Mahindi yetu yalikauka kabla ya kupandishwa darini?

Kila mmoja na aandike katika daftari: mayai mangapi yaliwekwa, vifaranga wangapi walitoka, na kuku walikuwa wakila nini wiki 3 kabla. Atakayeandika hivyo kwa mwaka mmoja atapata cha kuwafundisha majirani zake, nasi pia.